Kifuniko cha kijivu na ukuta wangu wa Longuo

Sapu ya biokemia, yaani kufeli na kutakiwa kurudia mtihani, niliipata mwaka wa kwanza na iliniuma kuliko pepa zote nilizowahi kufanya, kwa sababu mimi sikuja chuo nikitokea form six, nilikuwa nesi tayari, miaka 4 nimekaa wodini upande wa Arusha kabla sijahamia Moshi kusoma, damu nimetoa mpaka kidole chenyewe kinautambua mshipa kabla jicho halijauona. Afu napewa karatasi naulizwa jinsi damu inavyokula sukari, nashindwa.

Swali lenyewe nalikumbuka mpaka leo. Liliuliza kwa nini damu ya kupima sukari inawekwa kwenye chupa yenye floridi, na kwa nini pamoja na hiyo floridi sukari bado inashuka kidogo kwenye saa la kwanza au mawili. Chupa hiyo ni ile ya kifuniko cha kijivu. Nimeishika mamia kwa mamia ya mara. Nikaandika "ili damu isigande" nikasonga mbele, na hilo ni kosa, kinachozuia damu isigande mle ndani ni kitu kingine, oksaleti ya potasiamu, floridi ina kazi yake nyingine kabisa.

Na sio kwamba sikusoma. Nilisoma sana jamani. Tatizo nimekuja kuliona baadaye, kwamba slaidi za lekcha zilikuwa na rangi na picha nzuri tu, ila zinapita haraka kwenye projekta afu sisi tunaenda kuchukua madesa steshenari zimeprintiwa nyeusi na nyeupe, slaidi 6 kwenye ukurasa mmoja ili kubana hela, kwa hiyo mshale mwekundu na mshale wa bluu yote inatoka kijivu, mitokondria, kile kinu cha nishati cha seli, inatoka kama doa la mafuta, maandishi ya pembeni huyasomi mpaka uinamie. Kinachobaki kusomeka hapo ni majina tu ya vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kila hatua ya kuvunja sukari. Basi ndo nikawa nakariri majina. Natoka Longuo ninapopanga mpaka darasani natembea natamka heksokinesi, isomeresi, fosfofruktokinesi, alidolesi, mpaka 10 zinaisha, kama mtu anasali rozari. Majina yote nilikuwa nayo kwa mpangilio wake na swali la chupa nikalikosa.

Pale ninapopanga kuna kijana anasoma maabara, chumba cha pili kutoka kwangu, ananiita dada na mimi namwita mdogo wangu. Jioni moja umeme umekatika tumekaa barazani nikawa namsimulia lile swali, akaniuliza, "Dada, una kalenda ya zamani?" Nikamletea ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akachora mstari mmoja mrefu kutoka juu kwenda chini akaugawa kwa alama 10. Juu akaandika glukosi, chini pairuveti. Jina la kimeng'enya hakuandika hata moja. Afu akaokota kijiwe pale uani akakiweka kwenye alama ya 9.

"Hapa ndo floridi inakaba. Kimeng'enya chenyewe kinaitwa enolesi ila jina tuliache kwanza. Niambie, nimeziba hapa kwenye 9, huku juu kunatokea nini?"

Nikakaa kimya. Akasema, "Chukulia lori limelala pale daraja la Kikafu kabla hujafika Boma Ng'ombe, njia yote imezibwa. Mabasi ya Arusha pale stendi ya Moshi yanaacha kutoka?"

Hayaachi. Yanatoka kama kawaida maana aliyeko stendi hajui, yanaenda yanajipanga, yanajipanga, mpaka habari imfikie yule wa mwisho ndo watu wanaacha kukata tiketi. Na hapo hapo swali zima likafunguka. Floridi inaziba hatua ya 9 lakini mlango wa kuingilia uko hatua ya 1, kwa hiyo seli nyekundu zinaendelea kuvuta glukosi na kuibadilisha mpaka vitu vya katikati vijae na ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, ya kulipia pale mlangoni ikose, ndo sukari inatulia. Ile kushuka kidogo mwanzoni ni yale mabasi yaliyokuwa yameshatoka stendi. Mstari mmoja, kijiwe kimoja. Sikuhitaji kukumbuka kitu chochote, nilihitaji kuangalia tu kijiwe kiko wapi.

Na wakati ameondoka mimi nikabaki nimekaa pale na kalenda, kwa sababu nilikumbuka jambo la wodini. Kuna mzee alitolewa damu asubuhi, glukometa pale kitandani ilisoma 6.1, sampuli ikawekwa kwenye chupa ya kawaida isiyo na floridi, ikakaa mezani mpaka mchana ndo ikapelekwa maabara, majibu yakarudi 4.3. Tulibishana sana siku ile, wengine wakasema glukometa mbovu. Hakuna kilichokuwa kibovu. Damu ikikaa hivyo bila kinga inapoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, seli zinakula ndani ya chupa kama zilivyokuwa zinakula ndani ya mwili. Kwa mtu ambaye anapimwa kama ana kisukari au hana, tofauti hiyo ni kubwa, inaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa akiambiwa yuko salama. Nilijisikia vibaya kwamba miaka 4 nimefanya kazi hiyo na sijawahi kuambiwa kijivu maana yake ni nini, naambiwa tu "ya sukari hii hapa".

Niongeze kitu kuhusu floridi maana inanigusa. Mimi nimekulia upande wa Meru, Ngarenanyuki, na anayejua huko anajua meno yetu, yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Ni floridi ile ile. Miamba ya volkano ya mlima Meru inaitoa kwenye maji, na mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, ganda lake gumu linatoka na vitundu vidogo vidogo, afu likishaota linashika rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na mito ya kwetu inavuka hapo mbali sana. Kilichomo kwenye chupa ya kijivu ni kikali zaidi mara nyingi mno kuliko maji yoyote ya kunywa, kwa hiyo mtu asiogope kwamba maji ya Meru yanazima enolesi mwilini, sio hivyo. Ila kwangu mimi ilikuwa kitu kikubwa kujua kwamba kilichokaa kwenye meno yangu na kilichokaa kwenye kile kifuniko nilichokishika miaka yote ni kitu kimoja. Kuanzia siku hiyo biokemia ikaacha kuwa somo la watu wengine.

Kesho yake nikaenda mjini nikanunua manila nyeupe 8 na maka peni za rangi 4. Mama mwenye nyumba nilimuomba ruhusa kwanza, akaniambia mradi usipige misumari mwanangu, bandika kwa selotepu. Ukuta mzima wa upande wa kitanda ukawa wa biokemia.

Mwanzo nilikosea njia. Nilipakua ile chati kubwa ya njia zote za kimetaboliki, ile ambayo Mjerumani Gerhard Michal alianza kuichora miaka ya 1960 na watu wanaibandika kwenye kuta za maabara dunia nzima, nikaiprinti vipande vipande nikaiunga. Ni kazi ya ajabu kwa kweli, namheshimu sana huyo mtu, ila kwa mwanafunzi anayeanza ni kama umemshusha mgeni Dar es Salaam ukampa ramani ya jiji zima wakati anatafuta choo. Niliitazama wiki nzima. Kutazama kunakudanganya, unaona kama unajua, jicho linapita kwenye mshale linasema ndiyo ndiyo, afu ukifunga macho hakuna kitu. Nikaitoa nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Nikaanza upya na sheria moja, hakipandi kitu ukutani mpaka kwanza nimekichora bila kuangalia popote, nikakwama, nikaenda kuangalia pale nilipokwama tu, nikarudi nikachora tena kuanzia mwanzo. Karatasi za kukwama ni nyingi kuliko zilizoko ukutani, nilikuwa nachorea nyuma ya madesa yale yale ya kijivu. Na rangi nikazifunga, nyekundu ni ATP tu, iwe ya kulipa au ya kupokea, kijani ni NADH na ndugu yake FADH2, wabebaji wa haidrojeni na elektroni zinazotolewa chakula kikivunjwa, bluu ni hesabu ya kaboni, nyeusi ni jina na jina linakuja mwisho kabisa. Rangi hizo hazibadiliki kutoka manila moja kwenda nyingine. Utasema ni kitu kidogo, lakini usiku mmoja nimelala naangalia ukuta kwa mbali, mbali kiasi kwamba maneno hayasomeki, ndo nikaona kijani yote inatoka huku na huku inaelekea kona moja. Glaikolisisi, ile njia ya hatua 10, inatoa kijani, mzunguko wa Krebs unaomalizia kuvunja kinachobaki unatoa kijani nyingi zaidi, mafuta yakivunjwa kijani, na zote zinaenda kumwagika kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo, au labda aliniambia lakini ilikuwa kwenye slaidi ya kijivu.

Kaboni nilizihesabu kwa maharage. Hii nashauri kabisa mtu afanye, hata kama una vidio na bando la kutosha. Weka maharage 6 mezani, hiyo ni glukosi. Yagawe 3 na 3, hizo ni pairuveti mbili, glaikolisisi imeisha, umelipa ATP 2 umepokea 4 kwa hiyo mfukoni una 2 na NADH 2. Chukua lile fungu moja la 3, toa harage moja liweke pembeni, hilo ni kabonidayoksaidi, yamebaki 2. Hayo 2 yanaungana na fungu lingine la 4 linalosubiri kwenye mzunguko, yanakuwa 6, hiyo ni sitreti, afu mzunguko unatoa moja, unatoa lingine, unabaki na 4 yale yale ya kusubiri mwenzake ajaye.

Sasa mimi siku hiyo nilikuwa na maharage mekundu na ya njano kwenye bakuli moja, nikayatumia hivyo hivyo, mekundu yanayoingia na ya njano yanayosubiri. Nikazungusha. Nikaenda kuangalia kwenye kitabu ni kaboni zipi hasa zinatoka, na kumbe zinazotoka mzunguko ule wa kwanza ni za njano zote mbili! Mekundu yanabaki ndani, yanatoka kwenye mizunguko inayofuata. Nilikuwa nimeshafaulu lile swali kichwani kwamba "zinaingia 2 zinatoka 2" na nilidhani ni zile zile, kumbe aliyeingia leo anakaa na aliyekuwepo jana ndo anatoka. Hans Krebs aliutoa mzunguko huu mwaka 1937 na jarida la kwanza alilolipelekea makala, Nature, halikuichapisha, akaipeleka jarida lingine, afu 1953 akapewa Nobel. Yeye hakuwa na vidio. Alikuwa na misuli ya njiwa iliyosagwa na vipimo vya oksijeni, mzunguko wenyewe aliuunga kichwani.

Na harage lile la pembeni ndo hewa unayoitoa puani sasa hivi unaposoma hapa. Yote 6 yanaishia huko. Watu wanaofanya mazoezi pale uwanjani huwa wanasema mafuta yanatoka kwa jasho, hapana, mafuta yakiunguzwa sehemu kubwa ya uzito wake inatoka puani kama kabonidayoksaidi, inayobaki ndo maji.

Wikiendi moja nikapanda Kibosho kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, afu akanipeleka nyuma ya nyumba anapotengeneza mbege maana kulikuwa na shughuli ya ukoo. Ndizi mbivu zimepikwa zimekaa siku kadhaa zinachacha, pembeni kuna ulezi ulioota umesagwa, na gome la msesewa la kuleta uchungu. Nikasimama naangalia lile pipa linavyotoa povu na nikajikuta naliona kama manila yangu. Povu ni lile harage la pembeni. Chachu inafuata njia ile ile ya hatua 10 tunayoifuata sisi, glukosi mpaka pairuveti, hakuna tofauti, ila ikifika pale chini haina oksijeni na NADH zimejaa hakuna pa kuzimwaga, bila kuzimwaga, NAD, yaani ile NADH ikiwa tupu tayari kubeba tena, inaisha na njia nzima inasimama, basi inatoa kaboni moja kama gesi, inabaki asetalidehaidi, inaimwagia ile haidrojeni ya NADH na hapo ndo unapata pombe. Chachu haina nia ya kututengenezea mbege, inatafuta NAD yake irudi. Na misuli yako ukipanda mlima mbio inafanya hivyo hivyo kwa kuimwagia pairuveti yenyewe, inapata lakteti. Lakteti hiyo inasafiri kwa damu mpaka kwenye ini inageuzwa sukari tena, njia waliyoieleza Carl na Gerty Cori, na Gerty mwaka 1947 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya tiba.

Shangazi aliniuliza mbona nimeduwaa, nikamwambia naangalia anavyopumua huyu kwenye pipa. Akasema, "Eee, anapumua kweli, ukimfunika asipumue anapasua chombo." Yeye anajua miaka yote.

Ila kilichonikaa zaidi ni upande wa pili, wa mnywaji. Ini linapokea pombe na kuirudisha nyuma, pombe inakuwa asetalidehaidi afu asetati, na kila hatua inakula NAD na kutoa NADH. Chukua maka ya kijani ufuate mwenyewe. Kijani inajaa kwenye ini, na kijani ikijaa pairuveti inasukumwa kuwa lakteti badala ya kwenda kutengenezwa glukosi. Kwa hiyo mtu aliyekunywa usiku kucha hajala kitu, akiba ya ini imeisha, na mlango wa kutengeneza sukari mpya umezibwa. Sukari inaanguka. Nimepokea watu wa namna hiyo wodini alfajiri, wameletwa na bodaboda, ndugu wanasema amelewa tu aachwe alale. Tulikuwa tunapima sukari kwa sababu utaratibu unasema pima. Sasa najua kwa nini utaratibu unasema hivyo, na najua ningemweleza vipi yule ndugu aliyekuwa ananikatalia.

Kona ya kijani ndo ilinichukua muda mrefu kuliko yote. ATP sintesi, mashine inayotengeneza ATP. Vidio zake ziko nyingi mtandaoni na ni nzuri mno, mashine inazunguka kabisa mbele ya macho, ila nilikuwa naangalia mpaka bando linaisha na sijui inazungushwa na nini. Nikaja kuichora kama bwawa la Nyumba ya Mungu kule Mwanga. Maji ya Kikuletwa na Ruvu yanajaa nyuma ya ukuta, hayana pa kupita isipokuwa kwenye tundu la turbaini, yakipita yanaizungusha umeme unatoka. Kwenye mitokondria ukuta ni ule utando wa ndani, maji ni ayoni za haidrojeni, na kinachoyapandisha maji nyuma ya ukuta ni zile kijani zote zikishusha elektroni zake ngazi kwa ngazi mpaka zimfikie oksijeni. Oksijeni ndo anapokea mwisho, na hiyo ndo kazi kubwa ya kila pumzi unayovuta. Kwa binadamu ayoni 8 zikipita, turbaini inazunguka mara moja inatoa ATP 3. Peter Mitchell alipolisema hili mwaka 1961 watu wengi hawakumkubali, walikuwa wanatafuta kitu cha kemia cha katikati ambacho hakipo, Nobel yake ikaja 1978. Na mwaka 1997 Wajapani walifunga uzi wa protini unaong'aa kwenye mashine hiyo wakaiona kwa darubini inazunguka kweli.

Ukishaona ni bwawa unaelewa pia kwa nini vitabu havielewani kwenye hesabu, cha zamani kinasema glukosi moja ni ATP 36 au 38, kipya kinasema kama 30 mpaka 32. Kwenye grupu letu la diskasheni tuligombana kabisa juu ya hilo. Bwawa linavuja kidogo, na maji mengine yanatumika kusafirishia ATP yenyewe na fosfeti yake, hayafiki yote kwenye turbaini. Vya zamani vilihesabu kama vile kila tone linapita tunduni.

Lakini kuna kitu nimejifunza kwa uchungu kuhusu picha na nakisema wazi, picha inasema uongo na usipojua uongo wake uko wapi itakupoteza. Vidio zinaonyesha molekuli inasafiri moja kwa moja kwenda kwa kimeng'enya kama mtu anayejua anakokwenda. Haijui. Inagongwa huku na huku na maji, inapotea, inagongana mara maelfu mpaka ikae sawa. Nyuma ya picha wanaweka nafasi tupu ya bluu, wakati seli imeshonwa protini kama soko la Mbuyuni siku ya gulio, ukitaka kuona ukweli wake tafuta michoro ya rangi za maji ya David Goodsell, ameijaza seli ilivyojaa kweli na kuanzia mwaka 2000, kwa miaka mingi, kila mwezi alikuwa anaeleza molekuli moja kwenye benki ya data ya protini, bure kabisa. Na zile protini zinazochorwa kama utepe uliojikunja, hazina utepe, ni lugha tu ambayo Jane Richardson aliitengeneza kwa mkono akaitoa mwaka 1981 ili jicho liweze kufuata mnyororo. Mimi mwaka mzima nilidhani himoglobini ina utepe. Hata mstari wangu wa Kikafu ni wa uongo kiasi, umechorwa kama kila kitu kinaenda upande mmoja tu, wakati glaikolisisi hatua 7 kati ya 10 zinaweza kwenda pande zote mbili. Kwa hiyo pembeni ya kila manila nimeacha nafasi ndogo naandika "hapa sio hivi" na nini hasa sio hivyo. Hizo nafasi ndo nazisoma kwanza kabla ya pepa.

Sapu nilifaulu. Swali la chupa halikurudi, lilikuja la mtu aliyekunywa bila kula, nikaomba karatasi ya ziada nikachora.

Wale tuliokuwa tunasoma wote wameanza kuja geto kwangu jioni, saa nyingine watu 7 kwenye chumba kimoja, wawili kitandani wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa, na utaratibu ni kwamba mmoja anageukia mlango anachora anachokumbuka, wengine hawaruhusiwi kumwambia jina, wanaruhusiwa kumuuliza tu, "hii kaboni imeenda wapi?" Mtoto wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la 3, anakuja kuhesabu maharage na hesabu yake ni sahihi kuliko yetu.

Leo Jumamosi naanza mzunguko wa urea, ule ambao ini linatumia kuondoa nitrojeni ya ziada. Nimekuta kumbe ni wa Krebs huyo huyo, aliutoa 1932 akiwa na Kurt Henseleit, miaka 5 kabla ya ule mwingine. Manila ninayo, selotepu ninayo, ila nitrojeni haina rangi, 4 zangu zote zina mwenyewe tayari. Mdogo wangu wa maabara anasema niweke zambarau. Nimetuma mtu mjini.